Injini Isiyopiga Hodi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimtambua fundi aliyeng'oa injini ya kale kwenye gari la mumewe la kupandia milima, akatia ya dizeli ya kisasa. Nikajifanya nimelala, usingizi wa namna hiyo husikia vizuri.

"Umenivunjia nyumba, fundi! Zamani nilikuwa namsikia mume wangu akiwa bado ng'ambo ya mto. Mashoga zangu wanaaga, nabandika sufuria. Sasa naona kivuli tu mlangoni!"

"Mama, ile injini ilikuwa inakohoa."

"Ilikuwa inapiga hodi! Irudishe."

Fundi akakuna kichwa. "Mzee hakuniuliza nguvu wala mafuta. Aliniuliza, 'Mtu akiwa jikoni ataisikia?'"

Basi lilisimama kwenye kituo cha mama. Akaonyesha dirishani: gari la mumewe lilikuwa tayari limesimama kando yetu. Hata mimi sikulisikia likifika.