Kabla ya Kusoma Karatasi Ukutani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi, ndugu wageni waalikwa na wanafunzi wenzangu: shikamooni, na habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kufungua maonyesho ya video za majaribio za darasa letu. Hadi juzi sikuwa na hakika kama yangu ingekuwamo, kwa hiyo mkiniona natabasamu ovyo, nivumilieni.

Video yangu ni ya dakika tatu. Niliisogeza kamera karibu kabisa na cherehani ya mama yangu, ambaye ni fundi wa nguo, mpaka sindano na kitambaa vikapotea, ikabaki mistari ya bluu inayoteleza na kivuli kinachodundadunda. Mwalimu wetu wa sanaa alitufundisha kwamba hiyo ni kazi dhahania: haisimulii kitu, inatupa rangi, mwendo na mwanga. Tafsiri ni maana anayoileta mtazamaji. Somo hilo nililielewa, nikapata alama zote, kisha nikalikiuka.

Kanuni ilitaka kila kazi ibandikiwe karatasi ya maelezo. Nikaogopa jopo la walimu wanaochagua video litauliza, hii nayo ni nini? Basi nikaandika kwa kalamu nene: "Kazi hii inaonyesha mateso ya mama yangu." Nilijiona msanii mkubwa.

Siku tano zilizopita mama alikuja kutushonea mapazia ya kutia giza chumba hiki. Akaisoma karatasi kabla ya kuitazama video. Hakugomba. Alikunja mkanda wake wa kupimia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimekulalamikia lini?" Akasema leo hatakuja. Nyumbani tukawa tunazungumzia chumvi na funguo tu.

Ndugu wageni waalikwa, nani alinituma nimhurumie mtu ambaye hata sikumuuliza anajionaje? Mistari yangu haikumkosea adabu mama. Karatasi yangu ndiyo iliyomkosea.

Nilimwendea mwalimu nikamwambia naibandua, hata kama video itakataliwa. Akanitania kwamba ujasiri wangu hutembea kwa miguu, lakini hufika. Tukaenda pamoja mbele ya jopo. Waliitazama, wakairudia. Mwalimu wa hesabu, ambaye sisi humwita Rula, naye anajua, akasema anaona mvua kwenye dirisha la basi. Mwenzake akakataa katakata: hizo ni reli. Wakabishana mpaka kengele ikalia. Juzi wakaamua kwamba karatasi zote ziachwe tupu, na kila mtazamaji aandike alichokiona yeye.

Jana nilimwomba mama msamaha, nikamleta hapa tukiwa wawili tu. Aliitazama yote akiwa amesimama. Mwishoni akacheka kidogo, "Uzi wangu ulilegea pale kushoto, na wewe umeuanika." Kisha akachukua kalamu akaandika, na ameniruhusu niwasomee: "Asubuhi moja niliyoshona bila haraka."

Mimi nilikuwepo asubuhi hiyo, nimeshika kamera, na sikuliona hilo.

Ameketi safu ya tatu. Asante, mama, kwa kuja. Walimu wetu, asanteni kwa kutazama mara mbili. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nawaomba macho.