Harusi Isiyo na Vichwa

Bibi wa kiti cha nyuma ndani ya basi alizuia hata kikohozi asipitwe na neno. Mpiga picha alikuwa akimsimulia fundi cherehani: "Nilianza nikiwa na miaka saba, mama, harusi ya dada. Kwa ufupi wangu nikapiga matumbo na mikanda, kichwa hata kimoja!"

"Hakukuchapa?"

"Sana! Ila mume alipomkimbia, dada akanishukuru: albamu haina sura yake. Leo anaolewa tena, anataka bwana nimkate kichwa mapema. Mimi, niliyesomea kazi hii!"

"Bwana huyo mpya hajakosa bado! Mpige mzima."

Basi likasimama. "Yule pale bwana harusi, kaja kunipokea."

Fundi akachungulia. Bwana harusi alikuwa akimkonyeza binti wa tiketi.

"Mwanangu," fundi akasema, "msikilize dada yako."