Remigius Margwe, Aliyemeza Dawa Zake Baada ya Sala

Wasifu huu umesemwa na Elizabeti, bibi mzaa baba wa marehemu, na kuandikwa na Lightness, dada wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea. Bibi hakukanyaga shule. Lakini amesomewa maneno haya mpaka ameyajua kwa moyo, na amemwonya Lightness asiruke hata moja, hata kama kuna mtu huko mbele atakohoa.

Remigius alizaliwa tarehe 14 Aprili 1989 hapa Endabash, mtoto wa kwanza wa marehemu Marseli na marehemu Germana. Asubuhi hiyo tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi. Mtoto alipolia mara ya kwanza, tembo mkubwa aliliweka chini hindi alilokuwa akilitafuna, akasikiliza, kisha akawaongoza wenzake kurudi msituni kwa mstari kama watoto wa shule. Anayebisha akawaulize tembo.

Wazazi wake walifariki kwa ajali ya gari mwaka 1994, naye na Lightness wakalelewa na bibi yao, ambaye kwa Kiiraqw walimwita Ama. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1995. Ubatizo ulimpendeza hivi kwamba wiki iliyofuata aliwabatiza kuku wote wa nyumba hii, kila mmoja na jina la mtakatifu wake. Krismasi ilipofika, Ama akashika kisu, mtoto akasimama mlangoni na kusema, "Ama, huyo ni Monika!" Siku hiyo familia ilikula maharage.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, 1997 hadi 2003, na sekondari Karatu hadi 2007. Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa mpishi katika kambi ya watalii juu ya kreta, Ngorongoro. Aliimba besi katika kwaya ya parokia. Wazungu walimsifia supu yake. Bibi yake aliionja mara moja na kuona ni maji ya moto yaliyopita karibu na karoti, lakini hilo halikumzuia kujivuna kote sokoni.

Ugonjwa ulimwanza Agosti 2013. Aliacha kulala. Siku moja wenzake walimkuta amepika gunia zima la mchele, kwa sababu sauti ilimwambia kwamba simba wa kreta hawajala. Walimrudisha nyumbani kwa gari la kambi, naye njia nzima akiwaomba msamaha simba. Hospitalini daktari alisema wazi: "Huu ni ugonjwa wa akili. Una dawa. Asiache, hata akijiona amepona."

Lakini Remigius aliviogopa vidonge. Alisema vimetoka kwa shetani. Bibi yake alikaa naye kitandani.

"Vimelala altareni kwa askofu," akamwambia. "Na malaika Rafaeli ndiye aliyevitia kwenye kopo."

"Ama, umemwona Rafaeli?"

"Nimemwona. Ana mafua. Ukungu wa huku juu haujamzoea."

Remigius alicheka, mara ya kwanza tangu aletwe, akameza. Tangu jioni hiyo ikawa desturi: sala, Amina, kikombe cha maji, kidonge. Bibi aliungama uongo huo kwa paroko, naye paroko, ambaye yupo hapa, alimjibu, "Mama Mzee, uongo wako nitauombea msamaha. Kidonge asiache." Hakuna aliyewahi kumkataza Remigius kusali. Alisali, akameza, akalala usingizi.

Alirudi kazini mwaka 2014. Tarehe 8 Oktoba 2016 alifunga ndoa na Stumai, binti wa kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetoka Singida. Kabla ya posa alimweleza kila kitu, gunia la mchele na simba. Stumai alimjibu, "Mimi nitakuwa nakuletea maji." Na aliyaleta. Mwaka 2018 wakampata Felisiani.

Sasa tufike kwenye kuugua na kufariki. Kamati ya mazishi ilileta karatasi yake, imeandikwa "aliugua kwa muda mfupi". Mimi Elizabeti nimekataa. Hakuugua muda mfupi. Aliugua miaka zaidi ya kumi na moja, na karibu yote aliishi mzima kwa sababu alitibiwa. Kilichokuwa kifupi ni kile kilichofuata.

Novemba 2024 baba yake mdogo, Wilibrodi, mtoto wangu wa tumbo hili, alianzisha kikundi cha maombi. Wanamwita Mtumishi. Alimwita Remigius akamwambia, "Bibi yako amekudanganya. Hakuna askofu aliyegusa vidonge hivyo. Kila unapomeza, unamwambia Mungu hatoshi." Kisha akamsimamisha mbele ya watu, chini ya turubai pale Kansay, atoe ushuhuda. Remigius akatangaza kwamba amepona, na dawa zikamwagwa chooni. Watu wakapiga makofi. Wengine wenu mko hapa. Sina shule, lakini macho ninayo.

Nilimfuata Wilibrodi kwake. Akaniambia, "Mama, umemdanganya mgonjwa miaka yote hiyo!"

Nikamwambia, "Na miaka yote hiyo amelala. Wewe umemwambia ukweli, halali."

"Tuombe, Mama."

"Omba. Ukimaliza, mpeleke hospitali."

Hakumpeleka. Kufika Januari Remigius alikuwa anazunguka uwanja huu akiongea peke yake. Stumai alikodi gari ampeleke, watu wa kikundi wakasimama mbele ya gari. Walisema pepo linatoka, lisikatishwe. Walisema pepo lenyewe limeletwa na Stumai kutoka kwao Singida. Stumai, mwanangu, maneno hayo uliyameza kimya kuliko mumeo alivyomeza vidonge. Leo nayatapika kwa niaba yako. Kisha wakamwekea Remigius mfungo, asile, pepo lidhoofike. Akadhoofika yeye.

Alfajiri ya tarehe 11 Februari 2025 alivaa joho lake la kwaya, akachukua sufuria ya wali aliyoipika mwenyewe, akaondoka. Alitembea siku nzima na mvua ikinyesha, kuelekea msitu wa Ngorongoro. Kesho yake asubuhi mfugaji aitwaye Sairowua alimkuta amekaa ukingoni mwa msitu, analowa, sufuria mapajani, wali haujaguswa. Sairowua yuko hapa na ametueleza: "Alinikaribisha. Akasema, kula kidogo, mwingine ni wa simba. Nikamwambia kula wewe. Akasema, nimekatazwa." Sairowua alimfunika shuka yake akakimbilia gari. Remigius alifariki njiani, tarehe 12 Februari 2025, kwa baridi na njaa. Alikufa kwa njaa amekumbatia chakula, kwa sababu sisi watu wa Mungu tulimwambia asile.

Mnanijua. Maisha yangu yote nimewaambia mambo ya tembo na malaika, mkacheka. Haya niliyosema tangu Novemba sikuongeza chumvi hata punje. Kama kuna mtu hapa ana kopo lake la dawa amelificha chini ya godoro kwa aibu, leo jioni alitoe, asali, ameze. Akitaka uongo wa kukisindikiza kidonge, aje kwangu, ninao mwingi.

Marehemu ameacha mjane, Stumai, mtoto mmoja, Felisiani, mwenye miaka saba, dada, Lightness, bibi, Elizabeti, na baba mdogo, Wilibrodi. Ndiyo, Lightness, lisome jina lake. Nimemzaa, simfukuzi kaburini kwa mtoto wa kaka yake. Ataweka udongo kama wafiwa wengine. Lakini asiombe. Sala ataongoza paroko. Wilibrodi aweke udongo, anyamaze, asikie unavyolia ukigonga jeneza.

Shuka ya Sairowua hatukuivua, tunamzika nayo juu ya joho, maana huko juu kuna ukungu.

Remigius, sala imeisha. Mungu akupe ule usingizi tuliokunyang'anya, ulale kwa amani.