Siku Nilisimulia Muchezo wa Papa Kasereka

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Ah, mujibu kwa nguvu, juu leo niko na furaha ya kupasuka!

Miye ni Kakule, mushonaji wa nguo hapa Bunia, mu mutaa wa Bigo. Munanisikia nasema kama redio, lakini zamani mungenihurumia. Tangu utoto nilikuwa na kigugumizi. Nikitaka kusema jina langu, "Ka-ka-ka," watu walinimalizia. Kwa soko nilikuwa naonyesha kwa kidole. Kanisani sikusoma mustari hata siku moja. Na mubaya zaidi, nilimupenda Zawadi, na baba yake alikuwa amesema wazi: "Kijana mwenye anataka binti yangu, akuje aseme mwenyewe, kwa kinywa chake." Nilienda mpaka mulangoni kwake, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi tena. Nililia, ndugu zangu!

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, wakati wa Zaire. Papa Kasereka, mwenye duka karibu na mahali nilikuwa nashonea, akatangaza kwamba analeta kutoka Kampala mashini ya kucheza mu televizio. Unashika kitu mukononi, na picha inakutii! Mama yangu wee, muji ulichemuka! Mashoferi walisema tutaona ndege zinapigana. Wengine walisema iko mupira muzima, na wachezaji ishirini na mbili. Wachimba zahabu wakatoka Nizi kuja kungojea. Shemasi mumoja akasema ni mashetani madogo. Kamio, ile lori yenye iliibeba, ikakwama mu matope ya njia ya Boga, na vile ilikawia, ndivyo sifa za ile mashini ziliongezeka.

Mwishoni ikafika. Papa Kasereka alikuwa ameniomba nimushonee rido nzito ya dirisha kusudi picha ionekane muzuri, basi nikaingia pamoja na watu wa kwanza. Grupu, ile mashini ya kutoa umeme, ikawashwa. Televizio ikawaka. Na tukaona nini? Vijiti viwili vyeupe, kimoja huku, kimoja kule, na kitone kimoja kinaenda na kurudi: to! to! to! Ndege hakuna. Mupira hakuna.

Mwalimu mumoja akatoka wa kwanza. Inje watu walijaa barabara yote.

"Iko namna gani, Mwalimu?"

"Bure kabisa! Kitone tu. Murudi nyumbani."

Kisha akatoka muchimba zahabu, akapiga kelele: "Muzuri sana! Nimeona ndege!" Uongo mutupu! Watu wakaanza kubishana, wengine wakaanza kuondoka. Papa Kasereka alisimama mulangoni, jasho inamutoka, juu alikuwa ameuza ng'ombe zake kwa ile kitu.

Miye, ile saa, nilikuwa nacheza. Ndugu zangu, nilisahau yote! Nilicheka kwa sauti. Zamu yangu ilipoisha, nilitaka kupita pembeni nikimbie, lakini Papa Kasereka akanishika mukono.

"Kakule, weye si mutu wa uongo. Uwaambie!"

"Ule?" mama mumoja akasema. "Tutangoja mpaka kesho!"

Wakacheka. Na kati yao nikaona Papa Zawadi, ule baba ya Zawadi wangu, ameshika kofia yake, ananiangalia. Nikasema mu roho: "Bwana, unisaidie, juu miye nimeshindwa."

Nikafungua kinywa.

"Ki-ki-kiko kidogo," nilianza. "Ndege hakuna, musidanganyike. Ni kitone tu. Lakini kile kitone kikikuja upande wako, moyo unaruka! Mukono unakimbia wenyewe! Unacheka kama mutoto. Muingie wawili wawili. Ingia na mutu mwenye mumegombana, mutatoka munashikana mikono!"

Nilisikia mutu anasema bila kukwama, na ule mutu alikuwa miye! Haleluya!

"Ee! Kakule anasema!" ule mama akalia. Wakasukumana kuingia. Hata shemasi aliingia, mpaka bibi yake akakuja kumutafuta.

Papa Zawadi akanikaribia. "Kijana, yenye umesema ni kweli?"

"Ni kweli, Papa. Na niko na neno lingine."

Pale pale, mbele ya watu wote, nikamuomba Zawadi. Nilikwama, nikaendelea, nikakwama tena, nikamaliza. Muzee akarudisha kofia yake kichwani.

"Ukuje kwangu siku ya yenga, kiisha kanisa," akasema. "Kwanza niingie nione hicho kitone."

Ndugu zangu, siabudu mashini. Ile iliharibika zamani, na Papa Kasereka anauza chumvi. Mwenye alinifungua ni Mungu! Hata leo ulimi unakwama mara moja moja, zaidi nikikasirika, na Zawadi wangu anacheka. Lakini ule woga ulienda, haujarudi.

Basi weye mwenye umekaa pale nyuma na neno limekufunga koo, umutegemee Bwana huyu. Usingoje likuwe sawa. Simama sasa, sema hata nusu yake. Siye wote tutakungoja mpaka limalizike.