Mama Nukta Akabidhi Seva za Majina

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mama Nukta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kazi kampuni ikiwa na vyumba viwili, feni moja na vikoa arobaini, yaani majina ya tovuti za wateja. Anaiacha ikiwa na vikoa zaidi ya elfu sita. Feni ni ileile.

Kazi yake ilikuwa kusimamia seva za majina. Kwa faida ya wenzetu wa mapokezi, ambao huuliza kila mwaka: mtu akiandika jina la tovuti, kompyuta yake haijui tovuti hiyo inakaa wapi, hivyo huziuliza seva za majina, nazo huielekeza. Zikikosea, tovuti inaweza kuwa buheri wa afya na bado mtu asiione. Mama Nukta aliwaambia wateja kwamba kununua jina bila kupanga seva zake ni sawa na kualika mgeni bila kumwambia unakaa wapi.

Jina la utani lilitokana na kazi. Katika faili la rekodi, kila jina kamili lazima limalizike kwa nukta. Ukiisahau, mashine hudhani jina halijaisha, nayo hubandika jina la kikoa mara ya pili. Alizisaka nukta hizo kwa rula ya plastiki, mstari kwa mstari, hadi kioo cha kompyuta kikapata mikwaruzo. Ajabu ni kwamba aliyeyajua majina elfu sita hakuweza kushika ya wenzake. Sisi sote tulikuwa "mwanangu", na mkurugenzi alikuwa "shemeji". Mumewe, fundi cherehani, anasema hata yeye huitwa kwa jina la kaka yake mara mbili kwa wiki, na ameshazoea.

Kanuni yake ilikuwa moja: rekodi zote zinakiliwe kwanza, zikaguliwe na watu wawili, ndipo seva zibadilishwe. Ilivunjwa mara moja tu, miaka tisa iliyopita. Chuo cha uuguzi kilihamishia kikoa chake kwetu Alhamisi, na maombi ya kujiunga yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi. Rekodi ya barua pepe ilikosa nukta, wala hakuna aliyeikagua mara ya pili. Barua za waombaji zikaanza kurudi zilikotoka. Kosa lilisahihishwa kwa dakika tano, lakini maji yalikwishamwagika: seva za watu wengine zilikwishalihifadhi jibu baya, na zingelishikilia kwa siku mbili. Mama Nukta alikwenda chuoni, akaomba muda uongezwe, akakaa mapokezi siku mbili akipokea fomu kwa mkono. Hatujasikia mwombaji aliyekosa nafasi kwa ajili yetu.

Hata hivyo, chuo kilitaka kumjua mhusika. Taarifa ilitoka na sahihi ya Mama Nukta. Alipewa barua ya onyo, na ukuu wa idara, aliokuwa ameahidiwa mwezi uleule, akapewa mtu mwingine.

Mtu huyo ndiye anayeandika maneno haya. Rekodi ile niliiandika mimi, peke yangu, nikiwahi chakula cha mchana. Nilipomfuata kumwuliza kwa nini amefanya vile, alisema mimi nina watoto watatu wadogo na wake wameshajitegemea, kisha akaniomba nimpishe, ana kazi. Nilimpisha. Nimekikalia kiti kile miaka tisa, na ninaona aibu.

Wiki iliyopita nilimweleza mkurugenzi yote kwa maandishi. Barua ya onyo imetolewa kwenye jalada lake, na sasa imo kwenye langu.

Mama, ahsante kwa miaka yote hiyo, na unisamehe kwa kuchelewa. Sisi wanao tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu za wateja, na uzee mtamu pamoja na mzee wako. Nenda salama, na jina lako safi.