Binti wa Fundi Pampu na Minyoo Isiyo na Mdomo

Benchi la mbele ya kinyozi lina mguu mmoja uliofungwa waya, na wanaolikalia hawajui kushindwa kwa ubishi. Asubuhi ile Fundi Pampu alifika na jambo zito. Binti yake, msomi wa vijidudu, kapata nafasi kwenye meli ya utafiti. Watashuka ndani ya chombo cha chuma mpaka sakafu ya bahari, kwenye nyufa zinazotoa maji ya moto. Anataka kauli ya baba kabla ya adhuhuri. Fundi alikuja kutafuta ushauri, akapata kelele.

— Anafuata nini huko? aliuliza Redio, kinyozi asiyezimika.

— Minyoo. Mirefu kumpita mtu, haina mdomo wala tumbo.

— Sasa inakulaje?

— Haili. Ndani yake wanaishi bakteria, wanaipikia chakula kwa gesi inayonuka yai viza. Jua halifiki kule.

— Wapangaji wanamlisha mwenye nyumba! Wakili, mshona viatu, aligonga nyundo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Na hayo maji, yana moto gani? aliuliza Redio.

— Mara tatu ya maji ya chai. Hayachemki kwa sababu uzito wa bahari unayakandamiza. Mgandamizo huo ungekunja pampu zangu zote kama karatasi. Ndipo anapokwenda mwanangu!

— Usihofu, alisema Wakili. Maji ya moto hayachomi nyumba.

— Nani kataja nyumba?

— Mimi naona hivi, Redio alikatiza, wembe hewani. Ile minyoo ilikuwa watu, wakachoka kupika. Na sisi tufuge bakteria tumboni, tuache kulima!

— Anza wewe kufunga mdomo, Fundi alifoka. Nimeomba ushauri, jamani!

Mshona nguo aliyehamia juzi chumba cha jirani alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

— Samahani, kaka zangu. Binti mwenyewe anaogopa?

Redio alimtazama Wakili. Wakili akatazama soli. Fundi aliona haya. Tangu jana kauliza unene wa chuma, kina, siku za safari. Hilo hakuuliza. Akavuka barabara na simu, kidole kwenye sikio la pili, maana ubishi ulikwisha rudi.

— Mwanangu, unaogopa?

Sauti ndogo ikajibu:

— Naogopa, baba. Nilidhani hutaniuliza.

— Haya, niambie, alisema, akaketi kwenye ngazi ya duka.

— Muulize kama hiyo minyoo inapiga mswaki! Redio alipaza sauti kutoka ng'ambo.

Fundi akawapa mgongo, akasikiliza.