Bi Ockenden na Neno Lililowaokoa Wajane Sita

Baada ya miaka thelathini na minane katika ofisi yetu ya kamusi hapa Lincoln, Bi Rosalind Ockenden anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni.

Aliajiriwa kupanga vikaratasi vya mifano ya maneno, akaishia kuwa mhariri wa herufi S, aliyoishi nayo miaka kumi na mmoja bila talaka. Ndiye aliyetufundisha kwamba zamani Mwingereza alikuwa na "wewe" yake na "ninyi" yake, mpaka adabu ikazidi, kila mtu akaitwa "ninyi", na "wewe" ikafa kwa upweke. Mwenzetu Pettifer alipolalamika kwamba vijana wanaiharibu lugha, alimjibu, "Pettifer wangu, wanaiharibu tangu mwaka elfu moja. Ndiyo maana tuna kazi."

Ila kusimama mbele ya watu aliogopa mno. Hata keki ya siku yake ya kuzaliwa aliikata akiwa amegeukia dirisha.

Miaka saba iliyopita, kijijini kwao, wadhamini wa nyumba za hisani walitaka kuwaondoa wajane sita. Wosia wa mwaka 1531 ulioanzisha nyumba hizo ulisema ni za wajane "silly", neno ambalo leo maana yake ni mpumbavu. Mwanasheria wao akatoa hoja: hawa wana akili timamu, kwa hiyo hawastahili.

Bi Ockenden alikwenda kwenye kikao cha wadhamini na sanduku la vikaratasi, akawasomea mifano kumi na minne ya neno hilo. Lilianza likiwa na maana ya mwenye baraka, likawa mnyonge wa kuhurumiwa. Upumbavu ulikuja baadaye.

"Mwenye wosia alikusudia wanyonge," alisema. "Na ninyi mnawatoa nje kwenye baridi hii. Mnataka unyonge gani zaidi?"

Kisha Bi Tibbits, mjane wa miaka themanini na mmoja, akainuka. "Kumbe! Miaka tisa najitahidi kuonekana mjinga, mkaguzi asije akanifukuza!"

Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikamdondoka. Wajane wakabaki.

Sisi tulizisoma habari hizo gazetini. Tulipompongeza, alisema tu kwamba mfano wa kumi na moja ulikuwa na kosa la tarehe, akaketi kuusahihisha.

Bi Ockenden, asante kwa subira yako kwa maneno, na kwetu sisi tulio wagumu kuliko maneno. Uwe na afya, bustani ikuchanulie, na mtu yeyote asikupigie simu kuulizia asili ya neno kabla hujamaliza chai.